Shabiki wa Kibandani Naye Aulizwe

Mtahiniwa, siku ya mechi ya Simba na Yanga, ingia kibanda umiza chochote hapa Dakawa uhesabu: king'amuzi kimoja, mabenchi yamejaa hadi mlangoni. Sasa jiulize, kituo cha televisheni kikipeleka dodoso kwa wenye ving'amuzi tu, kitasikia sauti ya nani? Ya mwenye kibanda peke yake. Sampuli hiyo haiwakilishi watazamaji wote. Anayetazama sebuleni kwake hawezi kujua kuwa kwa aliye benchi la nyuma, maandishi ya matokeo hayasomeki.

Maswali yenyewe pia yana uzito. Yakitaja soka pekee, mpira wa magongo, ulioifikisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, utahesabiwa kuwa hauna mashabiki.

Kwa maoni yangu, dodoso lifike vibandani, na liache nafasi ya kuandika mchezo usiotajwa. Nawe ukilipata, usijaze "matangazo mabaya" ukaishia hapo. Taja kasoro, ilipotokea, na unachotaka kirekebishwe. Lawama tupu haimwelekezi fundi mitambo pa kuanzia.