Bibi amenenepa. Je, ndiyo afya?

Miaka ya tisini, mitaa ya Arusha kama ilivyokuwa kwingine nchini, mtu aliyekonda alitazamwa mara mbili na kunong'onwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla Serikali haijaanza, mwaka 2004, kutoa dawa za ARV bure. Waliokuwa na miaka 40 wakati ule sasa wamepita 60. Ni bibi na babu, na baadhi yao ndio wanaolea wajukuu zetu.

Hofu ile ya kukonda haijatoka majumbani. Bibi akinenepa, familia inashukuru na kumwongezea kijiko. Lakini mzee anayemeza dawa zake vizuri, virusi vikiwa vimefubaa, mara nyingi hatishwi tena na magonjwa nyemelezi. Kinachomtisha ni presha, kisukari, moyo, figo na mifupa. Wanaoishi na VVU hupata magonjwa ya moyo zaidi kuliko wenzao wa umri wao, na dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi kwa sasa, huwaongezea baadhi yao uzito. Kwa hiyo soda na maandazi anayopelekewa kama zawadi ni zawadi ya kufikiria mara mbili.

Chakula kizuri hakiko mbali. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, lina karibu kila kitu: maharage, mnafu, ndizi, parachichi, dagaa. Mzee hupoteza misuli kadiri umri unavyokwenda, hivyo anahitaji protini kila mlo, si nyama ya Jumapili tu. Yai, maziwa mgando, maharage au dagaa vinatosha, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa kalsiamu. Ugali upungue, mboga iongezeke. Mwenye tatizo la figo aulize kliniki kwanza kiasi cha protini kinachomfaa.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo vijitabu vingi vya lishe havilitaji. Maji ya chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Ndiyo iliyowapaka wengi meno ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi huumiza mifupa pia. Tenofovir, dawa nyingine iliyomo kwenye kidonge kile, nayo inaweza kupunguza uimara wa mifupa na kusumbua figo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea. Penye uwezo, kingeni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Na magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka huwa na floraidi, tena yana sodiamu inayopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, magadi yakae dukani. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya kununua.

Kiungulia nacho kina mtego wake. Vidonge vya kutuliza asidi vyenye magnesiamu au aluminiamu huzuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Mzee ameze ARV saa 2 kabla ya vidonge hivyo, au saa 6 baada yake. Anayetumia metformin kwa ajili ya sukari amwambie mhudumu wa kliniki, kwa sababu dolutegravir huongeza kiwango chake mwilini.

Wapo wazee ambao hawajamwambia mtu yeyote nyumbani, na hiyo ni haki yao. Mpishi hahitaji kujua. Sufuria isiyo na magadi, yenye chumvi kidogo na mboga nyingi, inamfaa mama mjamzito, baba mwenye presha na mtoto wa shule, kwa hiyo pikieni nyumba nzima chakula kimoja. Anayepewa chake peke yake ndiye majirani wanayeanza kumuuliza.

Siku ya kliniki, apimwe presha, sukari na uzito pia, na aulize kuhusu kipimo cha figo. Hata asipoumwa.