Kibarua Si Ushirikiano

Katika semina zetu husemwa kila mara kwamba mtafiti fulani wa akiolojia "ameshirikiana na jamii". Ukiuliza vipi, utaambiwa wenyeji walilipwa kuchimba, kuchekecha udongo na kubeba maji. Hicho ni kibarua!

Tuchukue Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Atakaye kuchimba huko hutafuta vibali vya serikali. Kijiji kinaweza kupata habari gari likishafika, na bado kila karatasi ikawa sahihi.

Maji ya ziwa hilo hupitia mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward. Ng'ambo, upande wa Kongo, Mto Semliki unapoanzia, ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa wenye mikato, wa takriban miaka 20,000. Leo mfupa huo uko Brussels. Walimu wa hisabati wa dunia nzima wanautaja. Mtoto wa mvuvi wa Ishango akitaka kuuona, atafute viza kwanza. Hapohapo zilipatikana chusa za mifupa. Nani wa kuulizwa zilivulia samaki gani, kama si mvuvi?

Wapo wasomi wanaodai kwamba wenyeji hawana la kuongeza ila hadithi. Waende Katuruka, Buhaya, nchini Tanzania. Wazee wa huko walimsimulia Peter Schmidt habari za Mfalme Rugomora Mahe na wahunzi wake, wakamwonyesha penye mti wa Kaiija. Alipochimba alikuta mabaki ya uhunzi yaliyomtangulia mfalme huyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Hadithi ilikosea mfalme, mahali haikukosea. Na baadaye wanakijiji wenyewe ndio walioanzisha mradi wa kufufua urithi wao, wakaamua nini kijengwe upya.

Ripoti isomwe kijijini kwa lugha inayosemwa kijijini, na vilivyofukuliwa vikae karibu. Lakini la kwanza ni hili: kabla jembe halijagusa udongo wa Hamukungu, wenyeji waulizwe wao wanataka kujua nini. Na wakikataa, gari ligeuke lirudi Kasese.