TAHARIRI: Nani anamlipa anayepima bangi ya tiba?

Wasomaji wetu walioko Marekani, hasa wenye wagonjwa wa saratani majumbani, wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, bangi ya tiba inayouzwa kwenye maduka yenye leseni ni salama? Daktari ameridhia, muuzaji anasema imepimwa, na ipo karatasi ya maabara yenye tarakimu nyingi. Mgonjwa anataka kujua kama aiamini karatasi hiyo.

Hatuingii leo katika mjadala wa kama bangi ni dawa au si dawa. Mjadala huo una wenyewe, na wengi wa wasomaji wetu wana msimamo wao tayari. Tunachotaka kukizungumza ni hiyo karatasi. Nani kapima, na nani kamlipa aliyepima?

Katika majimbo mengi ya Marekani jibu ni kwamba analipa mzalishaji mwenyewe. Anachagua maabara anayoitaka na kuilipa kutoka mfukoni mwake. Akipata majibu yasiyompendeza, mzigo unaofuata anaupeleka maabara nyingine. Wazee wetu walikwishatuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Sisi tuliotoka katika nchi ambako mkaguzi na mkaguliwa hula sahani moja tunaujua mchezo huu vizuri, ila hatukutegemea kuukuta huku tulikokimbilia.

Tuanze na nguvu ya dawa, kwa sababu ndiko kwenye fedha. Ua bichi la bangi halina THC nyingi. Lina THCA, ambayo hugeuka kuwa THC ikipata moto. Kwa hiyo maabara hutumia mashine inayotenganisha kemikali bila kuzichoma, ikapima zote mbili, kisha ikazidisha THCA kwa 0.877 na kujumlisha na THC iliyokuwepo. Ua lenye THCA asilimia 20 hutoa THC asilimia 17.5 hivi. Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu uko sokoni, ambako mnunuzi huangalia tarakimu moja tu, na ua lenye tarakimu kubwa huuzwa ghali. Tuseme maabara mbili zinapima ua hilo hilo, moja ikasema 18 na nyingine ikasema 25. Mzalishaji atarudi kwa ipi mwezi ujao? Maabara yenye msimamo hufunga milango kwa kukosa wateja, na ile yenye mkono mwepesi hupanuka.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2023 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya kupima sampuli 23 za maua walizonunua madukani. Karibu asilimia 70 ya sampuli zilikuwa na THC pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, jarida la madaktari la JAMA lilitoa utafiti wa vyakula 75 vyenye bangi vilivyonunuliwa katika maduka ya tiba ya Los Angeles, San Francisco na Seattle. Ni asilimia 17 tu vilivyokuwa na lebo sahihi. Asilimia 60 vilikuwa na THC ndogo kuliko ilivyodaiwa, na asilimia 23 vilikuwa na kubwa zaidi.

Kwa kijana anayetafuta starehe, tofauti hiyo ni hasara ya dola chache. Kwa mama anayetapika kutwa baada ya kuchomwa dawa za saratani ni jambo jingine kabisa. Leo amekula kipande kimoja na hakikumsaidia kitu. Kesho anakula viwili kutoka pakiti nyingine, kumbe hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko ilivyoandikwa, moyo unamwenda mbio na watoto wanapiga simu ya dharura wakidhani anakufa. Hakuna daktari anayeweza kumpangia kipimo mgonjwa ikiwa kipimo chenyewe ni cha kubahatisha.

Upande wa usalama ni mzito zaidi. Wasomaji wa Kenya hawajasahau mwaka 2004, pale Ukambani, watu walipokula mahindi yaliyoota ukungu. Waliougua waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Iliyowaua ni sumukuvu, na sumukuvu hiyo hiyo ndiyo ambayo maabara za California hutakiwa kuitafuta kwenye bangi, pamoja na bakteria, metali nzito kama risasi na zebaki, na viuatilifu 66. Bangi ni zao la shamba kama mahindi. Ikikaushwa vibaya itaota ukungu, na mkulima akiona wadudu atapuliza dawa. Tofauti ni kwamba mahindi huliwa na bangi mara nyingi huvutwa, na kinachovutwa huingia mapafuni moja kwa moja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kuwa walipima sampuli 20 kutoka maduka ya kaskazini mwa jimbo hilo na kukuta aina nyingi za kuvu na bakteria, zikiwemo za kundi la Aspergillus. Mtu mwenye afya njema anaweza kuvuta kuvu hao asidhurike. Mgonjwa ambaye kinga yake imeteketezwa na matibabu wanaweza kumuua, na huyo ndiye hasa anayeambiwa kuwa bangi itamrudishia hamu ya kula.

California iliruhusu bangi ya tiba kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Upimaji wa lazima ulianza mwaka 2018. Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, wagonjwa wa jimbo tajiri kuliko yote Marekani walinunua dawa ambayo hakuna sheria ya jimbo iliyolazimisha ipimwe. Na sheria ilipokuja, haukupita hata mwaka mmoja kabla ya maabara moja ya Sacramento kubainika kuwa ilikuwa ikitoa vyeti wakati viuatilifu 22 kati ya vile 66 haikuwa ikivipima ipasavyo. Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times lilipeleka bidhaa 42 za madukani kupimwa upya, na 25 zikakutwa na viuatilifu kupita kiwango cha jimbo au viwango vya shirikisho vilivyopo kwa tumbaku. Bidhaa hizo zilikuwa za maduka halali.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema upimaji ukizidi kuwa mkali na ghali, bei itapanda na mgonjwa atakwenda kununua vichochoroni, ambako hakuna anayepima chochote. Kweli, vichochoroni kunaua. Mwaka 2019 Wamarekani walianza kulazwa kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kuvuta mvuke wa mafuta ya THC, mengi yakiwa ya magendo. Hadi Februari 2020 walikuwa wamefika 2,807 na waliokufa 68. Wataalamu walipochunguza maji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Lakini hoja hiyo inazungumzia gharama ya kupima. Haijibu swali letu la nani amlipe mpimaji. Ada ile ile inayotolewa leo ingeweza kuingia kwenye mfuko wa jimbo, na jimbo likaamua mzigo upi uende maabara ipi, bila mzalishaji kujua wala kuchagua. Na jimbo liwe linanunua bidhaa dukani kwa siri na kuzipima tena, mara kwa mara, si pale tu gazeti linapofanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Wako waliofanya hivyo tangu zamani. Uholanzi ilipoanza kuuza bangi ya tiba kwenye maduka ya dawa mwaka 2003, iliweka ofisi ya serikali katikati. Ofisi hiyo ndiyo inayonunua mavuno kwa mkulima, inayahakikisha yamepimwa, na ndiyo inayoyasambaza. Mkulima hana mteja mwingine wa kumpelekea mzigo uliokataliwa. Mgonjwa akinunua aina fulani leo na akainunua tena baada ya miezi sita, anategemea kukuta nguvu ile ile.

Tunayaandika haya tukiutazama pia upande wa nyumbani. Rwanda iliidhinisha kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2020, kwa ajili ya kuuza nje tu. Uganda nayo ina sheria inayoruhusu kilimo hicho kwa leseni. Mnunuzi wa Ulaya atadai cheti, na atakipata, maana bila hicho halipi. Hatuna ugomvi na fedha za kigeni. Tunauliza tu maabara hizo zitakuwa chini ya nani, na kama siku moja mgonjwa wa Kigali au Mbarara ataruhusiwa dawa hiyo, je, atapewa ile iliyopimwa au masalia yaliyokataliwa na Wajerumani?

Kwa sasa, ndugu msomaji unayemuuguza mtu huku ughaibuni katika jimbo linaloruhusu, omba cheti chenyewe, usiridhike na lebo. Angalia kama namba ya mzigo iliyo kwenye cheti ndiyo iliyo kwenye pakiti, kama tarehe ni ya karibuni, na kama viuatilifu, kuvu na metali vimeorodheshwa au ni THC peke yake iliyopimwa. Mwambie daktari wa saratani kila kitu unachompa mgonjwa wako. Na kama hujapata uraia, zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani ilitangaza Aprili 2019 kuwa matumizi ya bangi yanaweza kukukwamisha ombi la uraia hata kama jimbo lako linayaruhusu. Wanaosafiri kwenda kuwaona jamaa Muscat au Dubai nao waache chupa hizo nyumbani. Cheti cha maabara ya California hakitawasaidia pale uwanja wa ndege.