MAENDELEO YA MIJI: Barabara ya Kuuzunguka Mji wa Eldoret

Tangu Eldoret ilipopewa hati ya kuwa jiji, tarehe 15 Agosti 2024, wenyeji wake wamekuwa na mazungumzo mengi juu ya mambo yalipasayo jiji: maji, masoko, taka, taa za njiani. Lakini lizungumzwalo kuliko yote ni jambo la barabara, na hasa ile barabara iuzungukayo mji kwa upande wa kusini, ambayo watu wa huko huiita baipasi. Wako waisifuo. Wako pia walalamikao ya kuwa malori yamepunguzwa njia ya mjini, lakini msongamano umebaki palepale. Pande zote mbili zina haki yao, na yafaa ielezwe ni kwa sababu gani.

Barabara yenyewe ina urefu wa kilomita 32. Huanzia Cheplaskei, katika njia kuu itokayo Nakuru, ikapita Kapseret, si mbali na uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1997, ikaikata njia iendayo Kapsabet na Kisumu, kisha ikarudi kuungana na njia kuu huko Leseru, upande wa kwenda Turbo na Malaba. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali mwaka 2017 kutoa fedha za kazi hii, ikiifunga katika mradi mmoja na barabara nyingine mbili: ile ya Kapchorwa hadi Suam katika Uganda, kilomita 73, na ile ya Suam hadi Kitale kwa kupitia Endebess, kilomita 45. Kwa hiyo msomaji asidhani ya kuwa barabara hii ilijengwa kwa ajili ya watu wa Eldoret peke yao. Ilijengwa kwanza kwa ajili ya mzigo utokao bandarini Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba, ambao hauna haja ya kusimama Eldoret hata kidogo.

Zamani haja hiyo haikuwapo. Mwaka 1908, Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru, wakazama topeni mara nyingi kabla ya kufika. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa mahali palipoandikwa katika ramani Shamba Namba 64, na mpaka leo wazee kwa vijana huuita mji huo Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Mji ulikua kandokando ya njia moja iendayo Uganda, na njia hiyo ikaitwa kwa jina la nchi iendako, Uganda Road. Maduka yakajipanga huku na huku, kisha benki, vituo vya petroli, mahoteli, stendi za magari. Hakuna aliyeona vibaya, maana msafiri alikuwa riziki ya mwenye duka.

Ndipo mambo mawili yalipozidi. La kwanza ni mafuta. Bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, na tangu hapo malori ya mafuta huja kujaza katika bohari la Eldoret ili kuyapeleka Uganda na nchi zilizo mbele yake. La pili ni watu. Katika hesabu ya mwaka 2009 mji ulikuwa na watu 289,380. Katika hesabu ya 2019 walikuwa 475,716. Lori lililobeba maelfu ya lita za petroli, matatu iliyojaa wanafunzi, bodaboda, na mkokoteni wa viazi vikawa vikigombea njia moja, na gari la wagonjwa lililotoka Turbo au Burnt Forest kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi likawa nyuma yao likipiga king'ora bure.

Basi kulihamisha lori zito kulikuwa ni jambo la akili, na faida yake si ya nafasi tu. Katika miaka ya 1958 hadi 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakapitisha malori juu yake mchana na usiku ili waone ni kitu gani kiharibucho lami. Waliyoyapata hutumiwa na wahandisi mpaka sasa. Uzito ukizidi, uharibifu hauzidi kwa kipimo kilekile, bali huruka. Chukua ekseli moja, yaani kile chuma kishikacho magurudumu ya upande huu na huu. Ekseli yenye uzito wa tani 10 huiumiza barabara kama mara 10,000 kuliko ekseli ya tani moja. Na mwenye lori akiiba, akapakia tani 12 juu ya ekseli iliyoruhusiwa tani 10, ameongeza mzigo kwa sehemu moja katika tano, lakini madhara ameyafanya mara mbili. Ndiyo sababu Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka mpaka wa tani 56 kwa gari zima, na ndiyo sababu mizani ya njiani si uonevu kama madereva wengi wapendavyo kusema. Lami ya mjini iliyoepushwa na mzigo huo itaishi miaka mingi zaidi.

Lakini je, msongamano? Hapa ndipo walalamikao wanapokuwa na haki. Magari mengi yaonekanayo katikati ya Eldoret saa mbili asubuhi hayaendi Malaba. Yametoka Langas, Kapsoya, Huruma na Pioneer, nayo yanakwenda mjini penyewe: kazini, sokoni, shuleni, hospitalini. Barabara ya kuzunguka haiwezi kumwondoa mtu ambaye safari yake mwisho wake ni mjini. Pioneer ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtu atanguliaye kuwafungulia wenzake njia. Nalo lina kichekesho chake, kwani mkaaji wa mtaa huo asubuhi hatangulii popote. Yumo katika msururu mrefu wa magari yangojayo kuingia mjini, akitazama taa za nyuma za matatu iliyo mbele yake. Dawa ya mtu huyo ni njia ndogondogo za mitaa zilizounganishwa vema, vivuko zaidi juu ya mto Sosiani, stendi zilizowekwa mahali pafaapo, na kando za barabara zenye njia ya miguu, maana wengi waendao kazini hawana gari kabisa. Kazi hizo ni ndogo, hazikatiwi utepe na wakubwa, na kwa hiyo husahauliwa upesi.

Hata miji mikubwa ya dunia imejifunza jambo hili kwa gharama. Uingereza ilimaliza mwaka 1986 barabara ya kuizunguka London, yenye urefu wa kilomita 188. Haikuchukua miaka mingi ikajaa, ikabidi ipanuliwe. Nafasi mpya ilikuwa imewaita watu wajenge na wasafiri mahali ambapo kwanza hawakuwa wakienda.

Na kusini ya Eldoret mwito huo ni mkubwa. Pale palipokuwa na mahindi na ngano, barabara ikipita, bei ya ardhi hupanda, na shamba hukatwakatwa vipande vya nusu ekari na robo ekari. Mtu hununua kipande chake, hujenga ukuta, huweka duka la saruji au kituo cha kuoshea magari, kisha huchimba njia yake mwenyewe ya kuingilia barabara kuu. Jirani yake hufanya vivyo hivyo. Kila njia ya namna hiyo ni mahali ambapo lori liendalo kwa kasi litakutana na gari lipindalo polepole. Matuta huwekwa ili kuokoa maisha, na ni haki. Lakini tuta likiongezwa juu ya tuta, barabara ya kupitia haraka huwa mtaa mrefu wa kilomita 32. Ikifika hapo, itakuwa imekuwa Uganda Road ya pili, na watu watadai baipasi ya baipasi. Wa kuzuia ni wenye kutoa ruhusa za kukata mashamba na za kujenga, na wakati wa kuzuia ni sasa, kabla kuta hazijasimama, kwani kubomoa nyumba ya mtu iliyokwisha kujengwa ni jambo gumu na la kutia huzuni.

Kenya ina mfano wake karibu. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, ya kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi mwezi Novemba 2012. Ni kazi nzuri ya kujivunia. Lakini iliwapitia watu ambao soko lao lilikuwa upande mmoja na nyumba zao upande wa pili, na wengi waligongwa wakivuka kwa miguu. Madaraja ya waendao kwa miguu yalipowekwa, bado wengine walipita chini, ama kwa sababu daraja lilikuwa mbali, ama kwa haraka tu. Mtoto wa Kapseret aendaye shule hana budi kufikiriwa kwanza, si baada ya ajali ya tatu.

Liko jambo jingine liwagusalo watu wa mashamba, na juu yake wengi hawana habari ya kutosha. Katiba ya mwaka 2010 husema ya kuwa ardhi ya mtu ikitwaliwa kwa faida ya wote, alipwe malipo ya haki, kamili, bila kukawia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huonyesha njia yake. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kusudi la kuitwaa ardhi. Zikipita siku zisizopungua 30, huweka siku ya baraza la kuwasikiliza wenye haki, na tangazo la baraza hilo hutolewa siku zisizopungua 15 kabla yake. Kila mwenye dai hupaswa kulipeleka kwa maandishi, nalo lifike kabla ya siku ile kupita. Mtu asemaye kwa mdomo tu mbele ya chifu, akaenda zake, hajadai kitu.

Shida kubwa katika Uasin Gishu ni hati. Mashamba mengi yalinunuliwa baada ya Uhuru na kampuni na vyama vya ununuzi, yakagawanywa kwa wanachama. Wengine hawakumaliza kupata hati zao. Wengine wanazo, lakini jina lililoandikwa ni la babu aliyekwisha kufariki, na wajukuu hawajaenda mahakamani kuomba urithi. Siku ya malipo hapo huwa ni siku ya ugomvi. Ndugu wa Turbo na ndugu wa Nairobi hutokea wote pamoja, mjane akasukumwa nyuma, na fedha zikakaa bila kutolewa mpaka kesi iishe. Familia yenye busara hutengeneza hati zake wakati hakuna barabara yo yote iliyotajwa, maana bado ziko barabara nyingi za kujengwa. Mwezi Novemba 2025 Serikali ilizindua kazi ya kuipanua njia ya Rironi, Nakuru hadi Mau Summit, na magari yatakayopita huko kwa wepesi yatakuja kumiminika upande wa Eldoret.

Wauzaji wa kando ya njia kuu nao wasisahauliwe. Mwanamke achomaye mahindi, mwenye hoteli ya chai na chapati, fundi wa kuziba magurudumu: hao wote waliishi kwa dereva wa safari ndefu. Lori likihama, mteja amehama. Baadhi yao humfuata huko baipasi, wakaweka vibanda vyao ndani ya hifadhi ya barabara, ambako si halali kukaa na ambako lori likikosa breki litawapitia wao kwanza. Kuwafukuza kila mwezi hakufai neno. Wakitengewa uwanja wa kusimamisha malori, wenye choo, maji na meza za biashara, mbali kidogo na lami, dereva atapata pa kupumzika nao watapata pa kuuzia.

Mwisho ni utunzaji. Adui wa barabara katika nchi ya juu kama hii, mita 2,000 na zaidi, ni maji. Mvua ikianza mwezi wa Aprili huendelea miezi mingi, na mtaro ulioziba kwa mabua na mifuko huyarudisha maji chini ya lami, udongo ukalainika, na lori la kwanza likafungua shimo. Fedha za matengenezo hutoka katika kodi ya mafuta, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mwezi Julai 2024 ikapandishwa kutoka shilingi 18 kwa lita hadi shilingi 25. Kila anunuaye lita ya petroli amekwisha kulipia kijiko cha kuzibulia mtaro. Ana haki ya kuuliza kiko wapi.

Mavuno ya mahindi yaanzapo, kama mwezi wa Oktoba, matrekta hutoka mashambani na matela yaliyojaa, mengi bila taa za nyuma, yakashika baipasi kwa mwendo wa mtu. Alfajiri huwa kuna wenye bodaboda wachukuao mitungi ya maziwa, na wakimbiaji wafanyao mazoezi kungali giza, wakipita ukingoni mwa lami ambapo mahali pengine hapana nafasi ya kukanyaga ila majani. Dereva wa lori atokaye Malaba usiku kucha hufika hapo saa ileile, macho yakimwuma kwa usingizi.