Sabuni Haingoji Maji ya Moto

Ndugu wanafunzi, asubuhi za Julai hapa Masama maji ya bomba hukata vidole. Wengi hunawa bila sabuni, wakidai kwamba bila maji ya moto sabuni haifai kitu. Mimi nasema hoja hiyo haina msingi.

Tazameni sahani yenye mafuta ya nyama: baridi huyagandisha, joto huyalainisha. Virusi vya Uviko-19, vilivyoingia nchini Machi 2020, navyo vimevikwa utando mwembamba wa mafuta. Moto wa kuuharibu upesi utando huo ungeunguza kwanza mikono yetu. Sabuni haihitaji moto huo. Chembe zake zina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Hujipenyeza katika utando, huulegeza, kisha huupasua. Vijidudu visivyo na utando huo navyo hubanduliwa ngozini, vikaenda na maji.

Basi yatupasa tusugue mikono kwa sekunde 20, ijapokuwa maji ni baridi. Nanyi wazazi na walimu, twaomba sabuni iwekwe penye kila choo, kabla ya kufikiria kuni za kuchemshia maji ya kunawa. Kipande cha sabuni ni rahisi kuliko kuuguza mtoto.