Gari Halinywi Maji

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu unakaribia, na kama ilivyo ada yetu kila mmoja sasa ameshughulika: huyu anafyeka chini ya mikarafuu, huyu anatengeneza majamvi, huyu anatafuta wachumaji. Hayo yote ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hulisahau mpaka siku ya kupakia, nalo ni hali ya magari yatakayobeba karafuu hizo. Leo twataka kusema juu ya ugonjwa mmoja tu wa magari yetu ya siku nyingi, ugonjwa tuliouzoea hata hatuuiti tena ugonjwa. Nao ni kupotea kwa maji ya injini.

Ukimuuliza mwenye gari kwa nini amepakia madumu mawili ya maji nyuma ya kiti, atakujibu bila ya wasiwasi, "Gari hili linakunywa maji." Husema hivyo kama mtu asemaye kwamba ng'ombe wake anapenda majani mabichi. Sisi twasema, na twaomba neno hili lishikwe: gari halinywi maji. Petroli na dizeli huchomwa, na ni haki yake kwisha. Oili katika injini kongwe yaweza kuungua kidogo kidogo. Lakini maji ya rejeta hayana kazi ila kuzunguka. Huchukua moto wa injini, huupeleka kwenye rejeta, upepo ukauondoa, kisha maji yakarudi kuchukua mwingine. Kwa hivyo yakipungua kila siku, basi yametoka. Na yakiwa yametoka, ipo njia yaliyopita, na njia hiyo ikitafutwa huonekana.

Jambo hili latuhusu sisi wakulima kuliko mtu wa mjini mwenye gari la kwendea kazini. Mikarafuu yetu ya Pemba iko milimani, na mwenye kutoka Mkoani kwenda Chake Chake, na kuendelea hadi Wete, anajua ni mara ngapi njia hupanda na kushuka. Njia za shambani ndizo mbaya zaidi: gari limejaa magunia, gia ni ya kwanza au ya pili, injini inanguruma, na mwendo ni mdogo hata upepo haupiti vizuri katika rejeta. Yapata theluthi moja ya moto wa mafuta yanayochomwa huondolewa na maji. Maji yakiwa pungufu, moto huo hauna pa kwenda. Kichwa cha injini hupinda, gasketi yake huungua, na gari husimama pale pale mlimani.

Likisimama, hasara si ya injini peke yake. Karafuu mbichi zilizofungwa katika gunia hupata joto na kuvunda. Hata zikianikwa baadaye hutoka zimepauka na kunywea, wala hazitapata daraja la kwanza mbele ya mnunuzi. Na mara nyingi karafuu zilizomo garini si za mwenye gari. Moja ni gunia la jirani, jingine la mama mjane mwenye mikarafuu sita tu, jingine la vijana waliokodi shamba kwa fedha za mkopo. Hizo ni amana. Mwenye kubeba amana katika chombo anachokijua kuwa kibovu hawezi kusema kwamba ni bahati mbaya.

Basi, njia ya maji hutafutwaje? Twaanza na sharti la kwanza: injini iwe imepoa kabisa, na asubuhi ndiyo saa yake. Mfuniko wa rejeta si kifuniko cha sufuria. Umewekwa ili kuzuia presha. Mfuniko wa ratili 13 kwa kila inchi ya mraba, ambao ni wa kawaida katika magari mengi, huyafanya maji yasichemke mpaka yafike kama digrii 118 badala ya 100. Ukiufungua injini ikiwa moto, presha huondoka ghafula, maji yale huchemka mara moja na kuruka usoni na kifuani mwako. Hapana gari lenye thamani ya macho ya mtu.

Asubuhi, gari likiwa mahali pa sawasawa, jaza maji mpaka kiwango chake na utie alama ya chaki kwenye tangi dogo la akiba. Tandika kipande cha boksi safi chini ya injini. Kesho yake, kabla ya kuwasha, tazama mambo mawili: maji yameshuka kiasi gani, na boksi limelowa wapi. Maji yenye kulanti huwa na rangi, ya kijani, nyekundu au buluu, huteleza vidoleni na yana harufu ya utamutamu. Maji meupe yasiyo na harufu, yanayodondoka baada ya kutumia kipoza hewa cha ndani ya gari, si maradhi. Hayo ni umande wa mashine ile, na wapo watu waliofunguliwa injini zao kwa sababu ya umande huo.

Kisha panda na jicho kutoka kwenye tone kwenda juu, kwani maji hushuka, na feni huyatupa nyuma. Pale yanapodondoka sipo lazima yanapotoka. Chukua kurunzi utafute alama nyeupe ya chokaa, au ya kutu, au ukoko wa rangi ya kulanti. Alama hiyo ndiyo unyayo wa mwizi. Tazama mipira ya juu na ya chini, uiminye kwa mkono: uliolainika mno, uliovimba karibu na klipu, au wenye nyufa kama kisigino cha mtu wa pwani, huo umekwisha. Tazama mishono ya rejeta, pale matangi yake yanaposhikana na kati. Tazama pampu ya maji. Chini ya shingo yake pana tundu dogo lililowekwa makusudi na watengenezaji, na likitoa maji maana yake sili ya ndani imekufa. Usilizibe tundu hilo, badili pampu. Tazama pia vizibo vya duara vya chuma vilivyopigwa ubavuni mwa injini, maana huliwa na kutu kutoka ndani, na kimoja huwa kimejificha mahali pasipofikiwa na mkono. Na ikiwa zulia la mbele limelowa, na kioo kinafanya ukungu wenye harufu ya utamutamu, basi anayevuja ni hita, kifaa ambacho kisiwani hatukihitaji lakini magari yetu mengi yameletwa nacho.

Iwapo nje hapana kitu na maji bado yanapungua, kuna chombo kidogo ambacho kila gereji ingepaswa kuwa nacho: pampu ya mkono yenye saa ya presha, inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, hupigwa mpaka presha ile iliyoandikwa juu ya mfuniko, kisha huachwa kwa robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali, na mara nyingi utayaona yakitoka mbele ya macho yako bila ya moto wala mvuke. Mfuniko wenyewe nao hupimwa kwa chombo hicho hicho. Mfuniko ambao springi yake imechoka hutoa maji safarini wala hauachi tone uani, na bei yake si kitu mbele ya bei ya injini.

Huenda ikawa maji yanapita ndani, katika gasketi ya kichwa. Dalili zake zipo na zajulikana. Moshi mweupe wenye harufu tamu, usiokwisha hata injini ikisha pata moto. Ule mvuke wa dakika chache za asubuhi ya baridi si hoja. Mpira wa juu unaokuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, kabla ya maji kupata moto. Mapovu yanayotoka mfululizo katika rejeta iliyofunguliwa ikiwa baridi, injini ikazunguka kwa muda mfupi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Utando kidogo chini ya mfuniko wa oili pekee si ushahidi wa kutosha, kwani gari la safari fupi fupi hufanya hivyo. Lakini oili yote ikiwa imegeuka, gari hilo lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza, kwa sababu oili yenye maji hula beringi za injini. Fundi mwenye vifaa ana dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na hewa ya moshi ndani ya rejeta. Mwambie akupimie kabla ya kukubali kufunguliwa kichwa.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo huenda wengine wasilipende. Ziko tiba tatu ambazo zimeenea, nasi twaona ni heri tuziache.

Ya kwanza ni kutia ute wa yai, manjano au pilipili manga katika rejeta. Ni kweli kwamba tundu dogo huweza kuzibika kwa siku chache. Lakini unga huo hauna macho. Huziba tundu, kisha huziba na vijia vyembamba vya rejeta vinavyopoza maji, na mwenye gari hushangaa kwamba maji hayavuji tena lakini injini inachemka. Kama umekwama njiani na huna hila nyingine, hiyo ni dharura; kesho yake rejeta isafishwe na pavujapo pazibwe kwa haki.

Ya pili ni kung'oa themostati. Mafundi wetu wengi huing'oa kama mtu ang'oavyo jino bovu, ati "nchi yetu ni ya joto, haihitajiki." Themostati hufunguka yapata digrii 82 mpaka 88, na kazi yake ni kuifikisha injini upesi kwenye moto wake na kuiweka hapo. Injini isiyofika moto wake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Tena kuing'oa hakuzibi tundu hata moja. Kama imekufa, nunua nyingine.

Ya tatu ndiyo kubwa kwetu sisi watu wa visiwa: kutia maji ya kisima chochote kilicho karibu. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na vya mawe ya matumbawe vina chokaa. Chumvi hula chuma, na chokaa huganda ndani ya injini kama inavyoganda ndani ya birika la chai. Hivyo yule anayejaza maji kila siku kwa sababu gari linavuja anazidi kulitoboa kwa maji yale yale anayolitilia. Dawa ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kama yale meupe yanayouzwa kwa ajili ya betri (si asidi ya betri), na kama hayapatikani, maji safi ya mvua yaliyochujwa. Kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu, kwa hivyo iliyomwagwa isiachwe pale penye watoto, mbuzi au paka.

Watakuwapo watakaosema, "Gari lenyewe lina umri kuliko dereva, ya nini kulifanyia yote haya?" Sisi twajibu kwamba gari kongwe ndilo linalohitaji kuchungwa, na kwamba wengi wetu hatuna jingine la kununua. Mpira mmoja na klipu mbili hununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Kichwa cha injini kilichopinda huchukua fedha ya msimu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni wa kweli.

Kwa hivyo twaleta mbele yenu mashauri matatu, yazungumzwe katika mkutano wetu kabla ya kuanza kuchuma. Kwanza, kila gari litakalobeba karafuu za wanachama litazamwe asubuhi 7 mfululizo, na kiwango cha maji kiandikwe katika daftari. Pili, chama kinunue pampu moja ya kupimia presha, ikae afisini, iazimwe kwa wanachama na mafundi wao bila ya malipo. Tatu, gari ambalo daftari lake laonyesha kwamba maji hupungua kila siku lisipakiwe karafuu za watu mpaka njia ya maji imeonekana na kuzibwa. Twajua shauri hili la tatu litawauma baadhi yetu wenye magari, na huenda likapunguza magari katika wiki za mwanzo. Hata hivyo twaona ni bora gunia lingojee gari zima nyumbani, limefunguliwa na kuanikwa, kuliko kungojea fundi mlimani likiwa limefungwa.

Mwenye rai nyingine na aje nayo mkutanini, nasi tutaisikiliza. Na mwenye gari aanze kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, kwa kipande cha boksi na chaki.

Wassalaam,
Katibu wa Chama