Joto la Kitabu na Joto la Kipimajoto

Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha ripoti za jaribio la kalorimetria za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jaribio lenyewe ni la kawaida. Mwanafunzi huchanganya mililita 50 za asidi ya haidrokloriki na mililita 50 za sodiamu haidroksaidi, zote zikiwa na moli 1 kwa lita, ndani ya kikombe cha povu la plastiki, kisha hutazama halijoto ikipanda. Kutokana na kupanda huko hukokotoa nishati inayotolewa kwa kila moli ya maji yanayoundwa. Kitabu tunachotumia kinasema ni kilojouli 57.3. Karibu ripoti zote zilizokuwa mezani kwangu zilisema vivyo hivyo: 57.3.

Asiye mkemia ataona hapo darasa hodari. Mimi niliona darasa lililopika data. Vipimajoto vya maabara yetu husomeka hadi nusu nyuzi tu. Halijoto ikipanda kwa nyuzi 6.5, hesabu ni gramu 100 mara jouli 4.18 mara 6.5, kisha unagawanya kwa moli 0.05, jibu ni kilojouli 54.3. Ikipanda kwa nyuzi 7.0, jibu ni 58.5. Katikati ya majibu hayo mawili hakuna kingine ambacho kifaa kile kinaweza kukitoa kwa jaribio moja. Ili kupata 57.3 inabidi halijoto ipande kwa nyuzi 6.85, na hivyo ndivyo ripoti zilivyoandika. Namba hiyo haikutoka kikombeni. Ilitoka kitabuni, na usomaji wa kipimajoto ukatungwa baadaye, kinyumenyume.

Nani wa kulaumiwa? Ingekuwa rahisi kuwalaumu vijana. Ukweli ni kwamba sisi walimu tumekuwa tukigawa alama kwa kuangalia jibu liko karibu kiasi gani na la kitabu. Mwanafunzi aliyepata 54.3 na kuandika 54.3 alikatwa alama, ingawa kila mkemia anajua kwamba sehemu ya joto hupotelea hewani na kwenye kikombe chenyewe. Aliyepika alipata zote. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumemkunja kweli, ila upande usiofaa.

Nchi hii ina kisa chake juu ya jambo hili hili. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Osborne anasimulia humo kwamba fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kupima alileta taarifa kuwa maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane.

Wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu jambo alilolishikilia Mpemba, na huenda ubishi ukaendelea. Lakini yule fundi tunamfahamu sote. Yumo katika kila maabara, na yumo katika kila ofisi inayoandaa taarifa ya utekelezaji huku malengo yakiwa yamekwisha kutangazwa.

Ndiyo maana muhula huu nimewataka wanafunzi wangu waandae daftari la maabara la kielektroniki kabla ya kugusa chupa yoyote. Ukurasa wa kwanza una lengo, mlingano wa mmenyuko na tahadhari za usalama. Unafuata ukurasa wa vifaa: kila kifaa, na kipimo kidogo kabisa kinachoweza kusomeka juu yake. Kisha jedwali tupu: halijoto kila baada ya nusu dakika, kuanzia dakika kadhaa kabla ya kuchanganya hadi dakika kadhaa baadaye, ili mchoro wa kupoa utuonyeshe joto kiasi gani limetoroka. Fomula zinakaa ukurasa wake, mbali na vipimo ghafi, ili asiwepo wa kurekebisha kipimo kwa kisingizio cha kurekebisha hesabu. Mpango huo ukikamilika, unafungwa. Yatakayoingia baada ya hapo yanaingia na saa na jina.

Kosa linaruhusiwa. Zamani tulifundishwa kulikata kosa kwa mstari mmoja, lile la awali libaki likisomeka. Daftari la kielektroniki lazima lishike adabu hiyo hiyo: namba ya zamani ibaki, mpya iwekwe pembeni, na sababu iandikwe. Faili ambalo yeyote anaweza kulifungua, akabadilisha na kuondoka bila kuacha alama ni baya kuliko karatasi, kwa sababu karatasi iliyofutwa angalau huchubuka.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanajua nazungumzia nini. Tumehamisha majalada kwenda kwenye kompyuta kwa kasi, lakini nywila moja inatumiwa na ofisi nzima. Mkaguzi akifika na kuuliza nani alibadilisha kiasi, lini, na kwa nini, mfumo unakuwa bubu. Teknolojia hiyo haijaleta uwazi wowote. Imempa mpishi wa takwimu jiko lisilotoa moshi.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vyetu vina shida kubwa kuliko hii, kwamba umeme hukatika na si kila mwanafunzi ana kompyuta. Ni kweli. Wangu wanafanya kazi wanne kwa kompyuta moja, na umeme ukikatika wanaandika kwa kalamu, wanapiga picha ukurasa ule na kuuambatisha jinsi ulivyo, pamoja na madoa yake. Ninachodai ni nidhamu ya kumbukumbu, na nidhamu hiyo haihitaji zabuni.

Kinachohitajika zaidi ni sisi walimu kubadili namna ya kutoa alama. Kuanzia sasa, katika darasa langu, anayeleta 54.3 yenye vipimo kamili na maelezo ya joto lililopotea atapata alama za juu. Anayeleta 57.3 ataonyesha kipimajoto alichosomea. Nawaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa kijana huyu hatabaki maabara ya chuo milele. Kesho atapima klorini katika maji ya mji, au ubora wa dawa ya mtoto wa mtu. Siku hiyo hakutakuwa na kitabu chenye jibu la kunakili. Kitakachokuwepo ni kifaa mkononi mwake, na mkuu wa kazi anayesubiri namba ya kumfurahisha. Ataandika ipi?